Afisa mauzo asiyezijua namba zake

Watu wengi bado wanaamini kwamba kazi ya mauzo ni ya wenye mdomo. Ndiyo maana mtu akiitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa mauzo, maandalizi yake huishia kwenye kujieleza: yeye ni mchapakazi, anapenda kukutana na watu, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Meneja mauzo aliyekaa upande wa pili wa meza ameshayasikia hayo asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa watu watano. Akiuliza swali moja tu, "Lengo lako la mwezi lilikuwa kiasi gani, na ulifikia kiasi gani?", maneno yanakauka. Kwa maoni yangu usaili wa mauzo hupotelea hapo kuliko mahali pengine popote, na wanaoupoteza mara nyingi ni wauzaji wazuri tu ambao hawakuwahi kuweka kumbukumbu.

Tuanzie kwenye CV. Sentensi kama "nilihusika na mauzo na huduma kwa wateja" haisemi lolote. Linganisha na hii: "Nilisimamia wateja 140 wa rejareja, lengo la katoni 400 kwa mwezi, nikalifikia au kulivuka miezi 9 kati ya 12." Hapo msaili anaona ukubwa wa eneo, ukubwa wa lengo na kwamba matokeo hayakuja kwa bahati ya mwezi mmoja. Anaona pia miezi 3 uliyokosa, na hiyo ni faida kwako, kwa sababu atakuuliza kuhusu miezi hiyo na wewe utakuwa na jibu. Asilimia zisizo na msingi ni mtego. Ukiandika "nilikuza mauzo kwa asilimia 300" halafu ikabainika ulitoka mteja 1 ukafika wateja 4, kila kitu kingine ulichoandika kitaanza kutiliwa shaka.

Namba za kuwa nazo kichwani si nyingi: lengo na kiasi kilichofikiwa, wastani wa thamani ya mauzo kwa mteja mmoja, muda kutoka mazungumzo ya kwanza hadi malipo, na uwiano wa kila hatua, yaani wangapi kati ya wangapi huvuka kwenda hatua inayofuata. Huo uwiano ndio wengi hawana, na ndio unaomtambulisha mtu anayeielewa kazi yake. Chukua lengo la mauzo 10 kwa mwezi. Kama nukuu 1 ya bei (maandishi ya bei unayompa mteja) kati ya 4 huzaa mauzo, unahitaji nukuu 40. Kama nusu ya vikao na wateja hufikia hatua ya nukuu, unahitaji vikao 80. Kama simu 1 kati ya 5 huleta kikao, unahitaji simu 400. Gawa kwa siku 20 za kazi: simu 20 na vikao 4 kila siku. Sasa angalia kinachotokea ukiboresha hatua ya mwisho peke yake, ukafunga, yaani ukakamilisha mauzo, kwa nukuu 1 kati ya 3 badala ya 1 kati ya 4. Nukuu zinashuka hadi 30, vikao 60, simu 300. Yaani simu 15 na vikao 3 kwa siku. Mtu anayeweza kuichora hesabu hii kwenye karatasi mbele ya msaili, kisha akaonyesha hatua anayodhani ndiyo dhaifu kwa bidhaa ya kampuni hiyo, ameshajitenga na kundi. Wengine watakuwa wanasema "nitaongeza bidii", bila kujua bidii hiyo iende wapi.

Na asiye na uzoefu? Yeye hana namba za nyuma, lakini anaweza kwenda na za mbele. Kabla ya siku ya usaili, ajifanye mteja: apige simu kampuni kuuliza bei na ahesabu wamechukua muda gani kumjibu. Azungumze na watu watatu wanaotumia bidhaa hiyo na wawili waliochagua ya mshindani, na awaulize kwa nini. Kama kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa, taarifa yake ya mwaka iko wazi kwa umma, na mara nyingi inaeleza mauzo yanatoka kwenye bidhaa ipi. Kisha aandike ukurasa mmoja wa siku 90 za kwanza: 30 za kujifunza bidhaa na kuongozana na wauzaji wazoefu, 30 za kuanza na wateja wadogo, 30 za kubeba eneo lake mwenyewe. Ukurasa mmoja, usizidi. Mpango wa kurasa 12 hausomwi, tena unaonyesha mtu asiyejua kufupisha, na kwa muuzaji hiyo ni kasoro.

Halafu linakuja lile zoezi la "niuzie hii kalamu", ambapo msaili anajifanya mteja na wewe unamuuzia. Limechoka, lakini bado lipo, kwa sura mbalimbali. Kosa la kwanza linajulikana: kuanza kuisifia kalamu. Kosa la pili halisemwi sana. Ni kuuliza maswali ya kukariri. Msaili makini hapimi kama unauliza, anapima kama swali lako la pili limezaliwa na jibu la swali lako la kwanza. Hivi, wewe ukianza kuuliza:

"Mara ya mwisho umetumia kalamu kufanya nini?"

"Kusaini ankara, leo asubuhi."

"Kwa siku unasaini ngapi?"

"Kama 30. Kila moja ina nakala tatu, za kaboni."

"Nakala ya tatu huwa inasomeka?"

"Hapo ndipo tunapogombana na wahasibu. Inatoka hafifu."

Sasa kuna kitu cha kuuza: kalamu ya ncha ngumu inayostahimili kukandamizwa hadi karatasi ya tatu. Angalia kwamba rangi, umbo na bei havijatajwa bado. Kama muuzaji angekimbilia swali la tatu la kwenye orodha yake, "Je, unapendelea wino wa rangi gani?", ile habari ya nakala tatu ingempita sikioni. Fanya mazoezi na rafiki, na mwambie akupe majibu usiyoyatarajia. Ukijizoeza mbele ya kioo hutazoea kusikiliza, maana kioo hakikujibu.

Sehemu nyingine ya zoezi ni pingamizi, hasa lile la "bei yenu iko juu". Anayepunguza bei papo hapo ameshindwa, hata kama msaili ametabasamu. Sentensi hiyo inaweza kuwa na maana tatu: sina fedha hiyo, mwenzako ananiuzia kwa bei nafuu, au sijaona kinachonifanya nilipe kiasi hicho. Kila moja ina jibu lake, kwa hiyo uliza kwanza: "Iko juu ukilinganisha na nini?" Halafu uwe na hesabu ya punguzo mkononi. Bidhaa ya 100 inayoigharimu kampuni 75 inaacha faida ya 25. Ukitoa punguzo la asilimia 10, unauza 90 na faida inabaki 15. Bei imeshuka kwa asilimia 10, faida imeshuka kwa asilimia 40. Ili kampuni ipate faida ile ile iliyokuwa inapata kwa kuuza bidhaa 100, sasa lazima iuze 167. Kwa hiyo punguzo litolewe kwa kubadilishana na kitu: malipo ya mapema, oda kubwa zaidi, au mkataba mrefu. Hesabu hii haichukui dakika 2 kuieleza, na wasaili wengi hawaitarajii kutoka kwa mtu wa ngazi ya kuanzia.

Swali la mauzo uliyopoteza nalo lina namna yake ya kujibiwa. Taja hatua yalipopotelea, nani aliyekuwa na uamuzi wa mwisho, ulimfikia au hukumfikia, na ulibadilisha nini baadaye. Anayejibu "mteja alisema bei ni kubwa" na kuishia hapo, msaili husikia kwamba hakuwahi kujua sababu halisi.

Zamu yako ya kuuliza ikifika, usiipoteze kwa "kampuni inathamini nini?" Uliza: katika timu ya sasa, wangapi walifikia lengo mwaka jana? Nafasi hii iko wazi kwa nini? Wateja watarajiwa wanaletwa na kitengo cha masoko au natafuta mwenyewe? Nani anafuatilia madeni? Gharama za usafiri na simu zinalipwaje? Jibu la swali la kwanza lina uzito kuliko yote. Kama ni 2 kati ya 12, lengo ni la kuwekwa ukutani tu, na kamisheni uliyoahidiwa pia. Meneja akikwepa kabisa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Mwishoni, kuna wanaofundisha kwamba lazima "ufunge" usaili kama unavyofunga mauzo. Mimi nasema fanya hivyo kwa upole na mara moja tu: "Kuna jambo katika maelezo yangu ambalo bado lina walakini kwako?" Likitajwa, unapata nafasi ya kulijibu ukiwa bado umeketi. Kumkaba msaili aseme lini unaanza kazi kunachukiza. Ujumbe mfupi wa shukrani utumwe ndani ya saa 24, ukitaja jambo moja mahususi mlilolizungumza.

Sasa malipo, maana hapa ndipo watu wenye hesabu nzuri za wateja husahau hesabu zao wenyewe. Tuseme ofa inasomeka 100 kwa mwezi ukifikia lengo: 60 mshahara wa msingi, 40 kamisheni. Ukifikia nusu ya lengo unapata ngapi? Kama kamisheni inapanda sambamba na mauzo, unapata 80. Kama kuna kizingiti cha asilimia 70 ambacho chini yake hakuna kamisheni, unapata 60. Ofa ni ile ile kwenye tangazo, lakini pengo ni 20 kila mwezi mbaya, na miezi mibaya ipo. Uliza pia kamisheni inahesabiwa lini: mteja anaposaini, anapopokea mzigo, au anapolipa? Kama wateja wanakopeshwa kwa siku 90 na kamisheni hutoka baada ya malipo, mauzo ya Januari utayala Aprili au Mei, na hadi hapo unaishi kwa mshahara wa msingi peke yake. Soma kipengele cha kurejesha kamisheni mteja akivunja mkataba. Uliza kama kuna dari, yaani kiwango ambacho ukikivuka huongezewi kitu, na kama lengo linaweza kupandishwa katikati ya mwaka. Haya yote yawe kwenye maandishi. Kazi ya kamisheni tupu inaweza kumfaa mwenye wateja wake tayari na akiba ya miezi kadhaa. Kwa anayeanza ni njia ya kampuni kujaribu watu kwa gharama zao wenyewe. Ukitakiwa ulipe ili upewe mafunzo au vifaa vya kuanzia, ondoka.

Ukishaingia, usihame kabla ya kumaliza mwaka mzima wa lengo, isipokuwa hulipwi au unalazimishwa kudanganya wateja. Mwajiri ajaye atataka kuona namba za mwaka, si za miezi 4. Kila mwisho wa mwezi andika kwenye daftari lako: lengo, mauzo, vikao, nukuu, na sababu za kila ulichopoteza. Majina na simu za wateja usiondoke nazo. Ni mali ya mwajiri, na mkataba pamoja na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi vinaweza kukufikisha pabaya. Uwiano na matokeo yako ni vyako. Anza, kama unaweza, na bidhaa inayouzika ndani ya siku au wiki, kwa sababu utafunga na kukataliwa mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kwenye wingi huo ndimo mtu hujifunzia. Mauzo ya kampuni kwa kampuni, yanayochukua miezi 6 au zaidi na watoa uamuzi wanne au watano, yanalipa vizuri lakini yanamchanganya anayeanza: anaweza kukosea leo na asijue hadi mwaka uishe.

Kuhusu kupanda cheo, sikubaliani na desturi ya kumfanya muuzaji bora kuwa meneja kana kwamba ni zawadi. Mmarekani Thomas J. Watson alianza kama muuzaji wa National Cash Register, kampuni ya mashine za kurekodi mauzo dukani, miaka ya 1890, na mwaka 1914 akakabidhiwa kampuni ambayo mwaka 1924 ilichukua jina la IBM, ile inayojulikana kwa kompyuta, kwa hiyo njia hiyo ipo. Lakini kazi ya meneja ni nyingine: kuajiri, kukagua makadirio ya mauzo, kuongozana na mtu dhaifu kwa mteja na kunyamaza wakati anakosea. Wengi huishia kumnyang'anya muuzaji huyo mteja na kuuza wenyewe. Kabla ya kukubali, omba upewe mgeni mmoja umlee kwa miezi 3, ukiwa bado na eneo lako, uone kama namba zake zinapanda bila wewe kuzigusa. Na uliza malipo yatakuwaje, kwa sababu bonasi ya meneja hutegemea lengo la timu nzima: timu ya watu 8 ambayo wawili wameondoka na nafasi zao hazijajazwa, bado inabeba lengo la watu 8. Kama kampuni haipunguzi lengo nafasi zikiwa wazi, kubaki na wateja wakubwa kwa cheo cha afisa mwandamizi kunaweza kukulipa zaidi.