Kwa nini beki wetu anaangalia mpira

Ingia kibanda umiza chochote cha Mwanjelwa, Mbeya, siku Taifa Stars wanacheza, halafu subiri dakika ya 75. Mabenchi yanaanza kulia. Mwenye mkeka wa kubeti anatoa simu mfukoni, anairudisha, anaitoa tena. Mwingine anasogea mlangoni, ili likitokea la kutokea awe ameshafika barabarani. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Woga huo una kumbukumbu zake. AFCON ya 2019 kule Misri, Simon Msuva alitufungia mapema, Kenya wakarudisha, Mbwana Samatta akaongeza, tukaenda mapumziko tunaongoza 2-1. Tukatoka uwanjani tumelala 3-2, bao la mwisho la Michael Olunga likiingia dakika ya 80. Aprili ya mwaka huohuo, Dar es Salaam, Serengeti Boys walikuwa wanaongoza 4-3 dhidi ya Nigeria kwenye AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17. Ikaisha 5-4, na hatukuwa sisi wenye tano. Januari 2024 kule Ivory Coast, Zambia wamebaki 10 tangu kipindi cha kwanza, sisi tunaongoza 1-0. Dakika ya 88, kona, Patson Daka, kichwa. Desemba 2025 kule Morocco, Uganda wakasawazisha dakika ya 80. Safari hiyo tulivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kwa hiyo kilio kilikuwa kifupi, lakini bao lilikuwa la ukoo uleule.

Maelezo ya mtaani yanajulikana: vijana hawana uzalendo, wanaridhika haraka, jezi ya taifa inawaelemea. Mimi sikubaliani nayo hata moja. Anayefungwa dakika ya 88 huwa amekimbia kilomita zaidi ya tisa, huku nusu ya nchi inamtukana kwenye simu. Kama uzalendo ungezuia kona tungekuwa mabingwa wa Afrika tangu 1980, pale tulipokwenda Lagos baada ya Peter Tino kuwafunga Zambia kwao Ndola.

Lirudie bao la Daka. Mpiga kona ni Clatous Chama, mtu aliyevaa jezi ya Simba miaka kadhaa. Kila beki wa Ligi Kuu alikuwa ameiona kona yake, ameizuia au imemfunga. Ufahamu ulikuwepo. Kinachoshindikana kwenye kona za namna hii ni kitu kidogo sana cha mwili. Beki anayemkaba mtu anatakiwa asimame kiubavu, bega moja likielekea mpira na jingine likielekea mtu wake, mkono ukimgusa kidogo ili ajue yuko wapi hata asipomwona. Shingo inageuka: mpira, mtu, mpira, mtu. Akisahau ile "mtu" ya pili, mshambuliaji anarudi nyuma hatua tatu na kuja na kasi. Aliyesimama akiruka na aliyekimbia akiruka, wa pili anamzidi kichwa kizima hata kama ni mfupi. Dakika ya 10 beki anakumbuka. Dakika ya 88 amechoka, na aliyechoka anarudia alichozoea utotoni. Beki wetu utotoni alizoea kuangalia mpira.

Alikizoeaje? Twende kwenye uwanja wa kata, popote kuanzia Mbalizi hadi Makambako. Mpira ukija chini unadunda kwenye kichuguu, unabadili njia, unakupiga ugokoni. Mtoto mwenye akili anajifunza upesi kwamba usipoukodolea macho hadi ufike mguuni utachekwa. Kwa hiyo anautazama, anaukanyaga, anausogeza, ndipo anainua kichwa aone wenzake wako wapi. Mtoto aliyekulia kwenye uwanja tambarare huinua kichwa kabla mpira haujafika, kwa sababu anajua utapita wapi. Tofauti yao ni sekunde moja, na kwenye mashindano ya Afrika sekunde hiyo ni bao. Kocha wa taifa hawezi kuirekebisha. Dirisha la FIFA, zile siku klabu zinapowaachia wachezaji timu za taifa, kwa kawaida ni siku tisa au kumi zenye mechi mbili ndani. Ukitoa safari na kupumzika, anabaki na mazoezi manne ya maana. Tumefukuza makocha wengi kwa shingo za watoto wa darasa la sita.

Kasoro ya pili ni mechi. UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ni jambo jema, sitaki kusikia ikibezwa, lakini ni mtoano wa msimu mmoja: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Shule ikitolewa mapema, mtoto wake amecheza mechi mbili au tatu za ushindani, basi hadi mwakani. Chukua shule nane zilizo jirani, zipeleke nyumbani na ugenini: kila moja inacheza mechi 14. Mtoto akianza na miaka 12 akafika 16 ana mechi 70 mwilini, wakati mwenzake wa mtoano ana 15 akibahatika. Pengo hilo ndilo linaloonekana kwenye televisheni tukiliita ukosefu wa moyo.

Kuna atakayesema ndondo, mashindano ya mtaani, inatosha. Ndondo ni shule ya ujasiri, sikatai, ila kijana wa miaka 15 akiingizwa katikati ya madereva bodaboda wenye miaka 30, wanaogombea ng'ombe na pembeni watu wameweka hela zao, anafundishwa jambo moja: butua. Akipiga pasi fupi ikanaswa, hapangwi tena.

Sasa uwanja wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna la kufanya bila kumsubiri mtu. Kinachoua viwanja vyetu ni maji, na yanaviua kwa namna tofauti. Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, lakini udongo wake wa volkano unanyonya. Tatizo ni mteremko na mmomonyoko. Iringa kuna udongo mwekundu ambao ukilowa unanata kwenye viatu na ukikauka ni tofali. Mbarali, bonde la Usangu, udongo mweusi wa mbuga unapasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unaingia. Anayetoa maelekezo ya namna moja kwa wilaya zote tatu hajawahi kushika jembe.

Kanuni moja inafanya kazi kote: katikati ya uwanja pawe juu kuliko pembeni. Kwa uwanja wa upana wa mita 64, tofauti ya sentimita 30 kutoka katikati ya upana hadi mstari wa pembeni inatosha. Jicho halioni mteremko huo, maji yanauona. Kamba, vigingi na pima maji ya fundi ujenzi vinatosha kuupima. Pembeni chimba mtaro wa kina cha sentimita 40, ukae mita tatu nje ya mstari, wasije watoto wakavunjikia miguu humo.

Mbele ya goli ndipo panapooza kwanza, maana kipa na mabeki wanapakanyaga kuliko kwingine kote. Chimba eneo la mita 6 kwa 3, kina sentimita 20. Chini weka kokoto ndogo sentimita 8, juu yake mchanganyiko wa udongo na mchanga nusu kwa nusu, ushindilie ukiwa na unyevu. Hizo ni mita za ujazo 3.6 kwa kila goli. Kosa la kawaida ni kujaza shimo kwa mchanga mtupu: mvua ya kwanza unahamia kwenye boksi, shimo linarudi, na kipa anapata mahali pa kupandia mpunga.

Nyasi ni ukoka. Kata vipande vya sentimita 15 vyenye vifundo, fukia vifundo viwili, kimoja kibaki juu, mistari ipishane kwa sentimita 25. Panda mvua zinaposhika, mwishoni mwa Novemba au Desemba mwanzoni, juu ya samadi iliyooza sawasawa. Mbichi inaunguza na kuleta magugu ya zizini. Halafu funga uwanja wiki kumi. Hapo kwenye wiki kumi ndipo mipango mingi inapokufa, na kwa kawaida anayeiua si mtoto mwenye mpira. Ni ng'ombe, ni mkutano wa hadhara wenye magari manne na jukwaa, na ni ile njia ya mkato inayotoka kona hadi kona kuelekea mashine ya kusaga. Usipoipa njia hiyo nafasi ya kupita pembeni, hata uweke miba, kina mama wenye ndoo za mahindi wataipita, na wana haki. Makete na Njombe ukoka unasinzia Juni na Julai kwa baridi, kwa hiyo huko mechi nyingi za miezi hiyo zinachuna uwanja bila kuota tena. Nyasi ya Kikuyu inavumilia zaidi. Na jamani, greda. Greda ikija "kusawazisha" inaondoa sentimita kumi za udongo wa juu, ule wenye uhai, inakuachia udongo wa chini mgumu. Siku ya ufunguzi unapendeza kwenye picha. Baada ya mwaka mmoja hauoti kitu.

Watoto wa miaka 12 na 13 hawahitaji uwanja mzima. Uwanja wa mita 100 kwa 64 ukigawanywa katikati kwa upana unatoa viwanja viwili vya mita 60 kwa 40, wachezaji tisa kila upande, nusu mbili za dakika 30, mpira namba 4. Magoli ya mita 5 kwa 2 ni nguzo za mkaratusi tu, na mkoa wa Iringa au Njombe ukikosa nguzo, nchi nzima iwe gizani. Kwenye eneo hilo mtoto anagusa mpira mara nyingi, na mpinzani yuko karibu muda wote, hivyo shingo inalazimika kugeuka. Mpira namba 5 wa gramu 410 hadi 450 ukilowa tope ni mzigo kwa mguu wa mtoto: anajifunza kuupiga kwa kidole gumba, na tabia hiyo haimtoki.

Fedha? Mwaka 2023 tulishangilia Goli la Mama, zawadi ya Rais Samia ya shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kimataifa. Hamasa hiyo ilikuwa nzuri na klabu zilifika mbali. Ila ukinunua mpira kwa shilingi 50,000, bao moja ni mipira 100, yaani ligi sita za shule nane nane, kila shule ikipata miwili, na minne inabaki stoo. Mfungaji aliyelipwa alikuwa tayari anajua kufunga.

Tusijidanganye kwamba kusini hakujawahi kuwa na mpira. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa nchi 1986. Majimaji wa Songea walikuwa tishio hadi mwisho wa miaka ya tisini. Mbeya City walipanda msimu wa 2013/14 na kumaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, uwanja wa Sokoine ukijaa hadi watu wanakaa juu ya miti. Novemba 2022 Ihefu waliikatisha Yanga mechi 49 bila kufungwa, palepale Ubaruku, Mbarali. Baadaye Ihefu ikahamia Singida, ikabadili na jina. Watoto wa Mbarali waliozoea kuwaona wachezaji wa Ligi Kuu wakipita sokoni wakabaki na dishi. Klabu ikihama, kinachopotea zaidi ni mahali ambapo mtoto anaangalia beki mtu mzima akikaba, mita tano kutoka alipo, akasikia anavyomfokea mwenzake. King'amuzi hakionyeshi shingo ya beki, kamera inafuata mpira. Hata kamera inatufundisha kosa lilelile.

Ligi Kuu inaruhusu wachezaji wengi wa kigeni kwa klabu, na kila Stars wakifungwa tunapiga kelele wapunguzwe. Mimi ningeacha. Anayecheza kila wiki dhidi ya mtu kama Chama anapata kipimo bure. Mzawa anayekosa namba kwa sababu ya Mkongo alikosa mechi 55 kabla Mkongo huyo hajapanda ndege.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Kwa upande wetu vinatajwa Mkapa, Amaan na ule mpya wa Arusha. Nyanda za Juu Kusini hatumo, na nimesikia manung'uniko. Hayanisumbui sana. Uwanja wa watu 30,000 ungetupa mechi chache na maegesho makubwa.

Kwa kata inayotaka kuanza, kalenda ni hii. Pima na chimba mitaro Septemba na Oktoba, udongo ungali mkavu. Samadi iwe uwanjani kufikia katikati ya Novemba. Ukoka uingie ardhini kabla ya Desemba 15. Ukichelewa, mizizi haitashika vizuri kabla mvua hazijakata. Fungua uwanja Machi mwanzoni, fyeka kwa urefu wa sentimita 4, usiguse udongo. Shule nane, mechi nne kila Jumamosi asubuhi: duru ya kwanza ni wiki saba, inaisha kabla ya likizo ya Juni, ya pili ichezwe Julai hadi Septemba. Rungwe mzunguko wa kwanza ungoje Mei, mvua zipungue. Na mwamuzi apewe filimbi mbili, maana ya kwanza itaibwa na mtoto aliye benchi.