Chipukizi Tangu 1999

Chipukizi! Jumamosi nimeitwa chipukizi, mbele ya mama mkwe wangu, kwenye spika zenye urefu wa kabati la nguo. "Mabibi na mabwana, makofi kwa msanii wetu chipukizi kutoka hapahapa Temeke!" Na mimi kwa adabu zangu nikageuka nyuma kumtafuta huyo kijana nimpishe. Nyuma kulikuwa na keki na jenereta.

Mchicha ndio unachipua. Wiki tatu tu umeshafungwa mafungu, umeshauzwa Tandika, umeshaliwa na ugali. Mimi nimeanza kuchipua mwaka 1999. Ndevu zina mvi, kusoma ujumbe wa simu mpaka ninyooshe mkono wote, na mwanangu wa kwanza ana kadi ya mpiga kura. Mtoto kachipua, kakomaa, kahama nyumbani. Baba yake bado anamwagiliwa maji.

Na msinielewe vibaya, mimi si mtu wa kulalamika. Ni fundi makochi, Keko nzima wananijua, nina heshima zangu. Ila neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Zamani tulijiita wenyewe andagraundi, tena kwa kujidai. Maana yake wewe huimbi "njoo mpenzi nakufa", wewe unachana ukweli wa kitaa. Hatukujua kumbe ardhi ikishakuzoea haikuachii. Tulikuwa wanne. Jina la kundi silitaji, kuna studio bado inatudai. Lilikuwa herufi nne zenye nukta katikati, na kila mmoja wetu alikuwa na kirefu chake. Mpaka leo hatujakubaliana.

Kundi la rap la Kwanza Unit, kaka zetu wa mwaka 1993, walianza kwa Kiingereza. Sisi tuliingia moja kwa moja na Kiswahili, na watu wakasema huo ni uzalendo. Uzalendo gani, mimi Kiingereza nilipata F. Gangwe Mobb wakatoka Temeke hiihii, tunawaona kwa macho, tukasema haya, foleni inasogea. Foleni ikasogea kweli, ila dirisha likafungwa tulipofika.

Studio umeme ukikatika saa yako inaendelea kuhesabiwa, hilo mnalijua. Redioni tulipigwa mara moja, saa tisa usiku, na shahidi pekee alikuwa mlinzi wa ghala moja Chang'ombe, Mungu amrehemu. Kaseti tukaipeleka duka moja Kariakoo. Mwenye duka akachukua masta, akatupa hela ya chipsi na kaseti kumi za kwetu wenyewe, akasema kauzeni mjitangaze. Halafu kuna msomi mmoja akaniambia nenda kadai, kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, imepitishwa mwaka 1999. Nikamwambia basi mimi na hiyo sheria ni rika moja, na wote bado tunasubiri kuonekana mtaani.

Wenzetu wamefika mbali, sikatai. Rapa Sugu kaingia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini. Profesa Jay, aliyetuchekesha nchi nzima kwa kumwigiza mgombea wa ahadi hewa, mwaka 2015 kagombea mwenyewe, na Mikumi wakampa. Na kundi letu nalo limetoa kiongozi. Wa beti ya pili ni mjumbe wa nyumba kumi.

Sasa turudi Jumamosi.

Jirani anamuaga binti yake. Kadi ya mchango nilishapewa tangu mwezi wa pili, nikaahidi elfu hamsini, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama pembeni. Wiki iliyopita mweka hazina wa kamati kaja karakana, kanikuta nimeinamia kochi, misumari mdomoni. "Fundi, si wewe ulikuwaga unaimbaimba?" Kuimbaimba! Nikatema misumari. Akasema kamati imekaa, imeona nipande jukwaani dakika kumi, halafu kwenye ile ahadi wanikatie elfu ishirini. Kwa hiyo baada ya miaka yote hii bei yangu imejulikana, ni elfu ishirini, tena nisiyoigusa, na thelathini nadaiwa.

Nikakusanya kundi. Mjumbe akaja na muhuri kwenye mfuko wa shati, maana huwezi jua. Wa beti ya tatu ameokoka, siku hizi tunamwita Mchungaji. Akasema kusimama nasi atasimama kwa ajili ya undugu, ila kinywa chake kimewekwa wakfu. Tukamwomba basi abadilishe maneno. Akasema ameomba siku tatu, mistari haijashuka. Wa nne yuko Muscat anaendesha gari la maji. Akaahidi kuchana kwa video, tumwekee simu kwenye maiki.

Diijei alikuwa mtoto wa juzi, kanyoa kiduku. Nikampa flashi ya mpwa wangu nikamwambia biti imo humo. Akaichomeka. Wa kwanza kutoka ulikuwa wimbo wa kwaya, Mchungaji akainua mikono. Nikamwambia siyo. Akabonyeza ya pili, zikatoka sauti za kuku, mpwa wangu anafuga. Siyo. Mshehereshaji anaziba pengo, anauliza upande wa mama mpo, upande wa baba mpo, mimi nimesimama katikati na miwani ya jua, sioni hata ngazi iko wapi. Akabonyeza ya tatu.

"Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, sisimizi..."

Sauti yangu.

Naomba nieleze. Mwaka juzi kuna machinga alikuja karakana, ana kispika chake, akaomba nimrekodie tangazo kwa sababu sauti yangu ina uzito. Akanipa elfu tano. Nikaona nisilirekodi hivihivi kama mtu asiye na fani, nikaliwekea vina kidogo. "Panya akila hageuki, mende akinusa hainuki, kunguni kitandani hafurukuti, jero tu mama, usiku hushtuki." Nikasahau. Yule machinga akampa mwenzake, mwenzake akampa wa Mbagala, wa Mbagala akampa wa Buza.

Ukumbi ukalipuka. Nasema ukumbi, simaanishi vijana. Mashangazi! Watu na vitenge vyao vya sare wamesimama, wanaitikia neno kwa neno: HAINUKI! HAFURUKUTI! Mama mkwe, ambaye tangu nimuoe mwanawe hajawahi kunitazama usoni kwa dakika nzima, anapunga kitambaa. Bibi harusi mtarajiwa kaacha kulia. Diijei ananiuliza kwa ishara, niitoe? Umati ukamzomea.

Jamani. Nina daftari tatu nyumbani. Nina beti niliyoiandika kwa usiku nne, kibatari pembeni, juu ya baba yangu aliyestaafishwa kiwandani na mafao yake hayakuja mpaka tumemzika. Beti ile ukiisikia huwezi kumaliza chai. Hakuna anayeijua. Wanajua sisimizi.

Basi biti ikapatikana, ya saba. Nikachana beti yangu, watu wakakaa chini wakaanza kuulizana pilau linaletwa lini. Ikaja zamu ya Mjumbe. Mstari wake wa enzi hizo ulikuwa "Kiongozi tumbo mbele, mwananchi nyuma mwele", mstari uliowahi kutufukuzisha kwenye tamasha la shule. Akaupindisha palepale, macho yakiwa kwa diwani meza ya mbele: "Kiongozi yuko mbele, mwananchi vigelegele!" Diwani akapiga makofi. Na kinachoniuma, kina kimekaa.

Zamu ya Mchungaji. Mistari kumi na sita, biti inatembea, yeye kasimama kafumba macho, kakunja mikono, mimi na Mjumbe tunatikisa vichwa kama mijusi kafiri ukutani. Mtu akapiga kelele "maiki imekufa!" Fundi mitambo akaja mbio, akabadilisha waya. Akaja tena na maiki nyingine, akamwekea Mchungaji mdomoni. Mchungaji akaing'ang'ania akasema, "Amina." Basi. Mstari wa tisa hivi, kwenye ule ukimya, shangazi mmoja wa meza ya nyuma akaanza polepole, "Dawa ya panya..." Na bahati mbaya spidi ni ileile. Ukumbi mzima ukamalizia beti ya Mchungaji kwa kunguni na viroboto, tena wakaingia kwenye kiitikio kwa wakati.

Wa Muscat akaganda kwenye skrini, mdomo wazi, akabaki hivyo mpaka nikakata simu.

Ndipo mshehereshaji akachukua maiki: "Makofi tena kwa chipukizi wetu! Kaza buti mdogo wangu, Mungu anaona!" Mdogo wangu! Yule mtoto babake nilimtengenezea kochi la harusi. Kazeni, kazeni, kila mtu ananiambia nikaze. Nimekaza kuanzia enzi za kaseti, ikaja sidii nikakaza, ikaja flashi nikakaza, sasa hivi wanasema mtandaoni nako nikakaze, bando nanunua mwenyewe. Msumari wenyewe ukiukaza sana mbao inapasuka, mimi ndiyo kazi yangu, naujua.

Pilau lilifika meza yetu limebaki ukoko na pilipili. Mweka hazina akaja na daftari kuniuliza ile thelathini lini.

Nikapanda daladala kurudi. Konda ananitazama: "Shikamoo mzee, sogea nyuma mzee, mpisheni mzee." Saa tatu chipukizi, saa nne mzee. Ule umri wa kutoka ulipita lini kati ya ukumbi na kituo? Nikampa elfu moja, nauli mia sita. Akasema chenji subiri mzee wangu, nakuja. Nimesubiri Chang'ombe, nimesubiri mataa, nashuka namwambia chenji, gari likaondoka na yeye ananing'inia mlangoni ananipungia kama mgeni rasmi.

Leo tangu asubuhi nimekaa kituoni. Kuna mteja ananipigia, kochi lake liko mifupa mitupu, sponji hata sijakata, namwambia niko njiani. Gari lenyewe ni la rangi ya zambarau ubavuni, kioo cha nyuma kina bango la Yanga limepasuka katikati, na konda ana kofia ya sufu kwenye joto hili. Mkiliona mniambie. Ni mia nne, najua. Lakini mkiliona mniambie.