Mtoto mdogo, mnyama mdogo?

Mtoto akianza kuomba mnyama wa kufuga, jibu la wazazi wengi huja haraka: tuanze na kitu kidogo. Hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya), sungura, au samaki wawili watatu kwenye bakuli la kioo. Habari ya mbwa tutaizungumza akishakua.

Jibu hilo lina sababu zake. Mnyama mdogo hula kidogo, hahitaji uwanja wala kutembezwa alfajiri, na hawezi kumwangusha mtoto. Hamsta huishi miaka 2 hadi 3 tu. Mzazi asiyejua kama hamu ya mwanawe itafika hata mwezi wa pili ana haki ya kusita mbele ya mbwa atakayeishi miaka 10 hadi 13, au paka anayeweza kupita 15.

Ila vipimo hivyo vyote ni vya mtu mzima: chakula, nafasi, miaka. Utazame mkono wa mtoto wa miaka 4. Hukibana anachokipenda, na akishtuka hukiachia. Sungura ana mifupa myepesi na miguu ya nyuma yenye nguvu nyingi. Akishikwa vibaya hurusha mateke, na teke lake mwenyewe laweza kumvunja uti wa mgongo. Isitoshe, sungura ni windo kwa maumbile yake, na kunyanyuliwa juu kwake ni sawa na kunyakuliwa. Wengi hutulia tuli kwa hofu, na mtoto, pamoja na sisi tunaomtazama tukitabasamu, tunadhani mnyama anafurahia kubembelezwa. Katika suala hili lote, hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Hamsta naye hulala mchana. Mtoto anarudi kutoka shule na shauku yake, anafukua tandiko, anamwamsha, anaumwa kidole, na tangu siku hiyo hataki tena kumgusa. Bakuli la samaki nalo halina unafuu linaodhaniwa kuwa nao: uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na tangi jipya huhitaji wiki kadhaa kabla bakteria wa kuiondoa hawajatosha. Kobe wadogo ndio nisingewaleta kabisa kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu hubeba salmonela, bakteria wanaoleta homa na kuhara, na mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Marekani ilipiga marufuku kuwauza wenye gamba la chini ya inchi 4 tangu mwaka 1975, baada ya watoto wengi kuugua.

Katika kundi la wadogo, ninayeweza kumtetea ni simbilisi (guinea pig). Huchangamka mchana, huuma kwa nadra, na hulia kwa sauti akisikia chakula kinakuja. Lakini hapaswi kuishi peke yake. Uswisi imeliweka hilo katika sheria tangu 2008. Tena mwili wake hautengenezi vitamini C, kwa hiyo anahitaji majani mabichi kila siku. Yule mmoja mdogo amekuwa wawili, kwa miaka 5 au zaidi.

Je, mbwa ni bora? Mbwa mzima mwenye tabia inayojulikana ana kitu ambacho sungura hana: huweza kuondoka, na akikerwa hunguruma, onyo ambalo mtu mzima aliye karibu atalielewa. Upande wa pili wa mizani ni mzito. Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemfahamu, na wadogo huumwa usoni kwa sababu ya kimo chao. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 4 kati ya 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo na dawa za minyoo ni lazima, na mtoto mdogo hapaswi kuachwa peke yake na mbwa hata dakika moja, hasa mbwa akila au akilala.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa chini ya miaka 7 ningechagua paka mzima mpole, ambaye akichoka hupanda juu na kuondoka zake. Mbwa ningemleta tu kama mtu mzima wa nyumba hiyo angemtaka hata pasingekuwa na mtoto. Nawaelewa wanaosema mnyama humfundisha mtoto kuwajibika, na ni kweli kwamba wa miaka 8 anaweza kubadilisha maji na kupiga brashi. Kuugua kwa mnyama, chanjo, na kinyesi cha siku ya mvua hubaki kwa mkubwa.

Mkubwa huyo akikosekana, mtoto bado anaweza kupelekwa kwa jirani mwenye paka, kwa ruhusa, akae sakafuni, akunjue kiganja na kusubiri paka aje mwenyewe.