Mfamasia wa leo afundishwe wapi?

Mgonjwa anayetumia warfarini ili damu isigande anaandikiwa metronidazoli kwa ajili ya maambukizi. Dozi zote mbili ni sahihi, na aliyefundishwa kuhesabu vidonge na kubandika lebo hana sababu ya kusita. Lakini metronidazoli huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja warfarini, nayo ikazidi mwilini. Baada ya siku chache mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mfamasia ndiye aliyepaswa kulinasa tatizo hilo kabla dawa haijatoka dirishani.

Kwa sababu hiyo wanaodai mageuzi ya mtaala, ili mwanafunzi wa famasia apate muda zaidi wodini na mgonjwa, wana hoja nzito. Tangu mwaka 1990, wasomi wa famasia wa Marekani Hepler na Strand walipoandika kwamba mfamasia awajibike kwa matokeo ya tiba na si kwa kutoa dawa tu, kazi imekwenda mbio kuliko vyuo. Marekani iliachana na shahada ya kwanza ya miaka 5 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikabaki na shahada ndefu zaidi ya udaktari wa famasia. Uingereza nayo, kwa viwango vya mafunzo vya mwaka 2021, inataka wanaosajiliwa kuanzia 2026 wawe na ruhusa ya kuandika dawa tangu siku ya usajili. Wakati huohuo wapo wanaohitimu kwingineko wakiwa wamekariri michoro ya molekuli, ila hawajawahi kukaa na mgonjwa na kumuuliza dawa zote anazotumia.

Wanaohofia mageuzi nao wasipuuzwe. Mwaka 1937 zaidi ya watu 100 walikufa Marekani kwa dawa ya maji ya sulfanilamidi iliyoyeyushwa kwa daiethilini glaikoli, kimiminika chenye sumu. Mwaka 2022 makumi ya watoto walikufa Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji zenye sumu hiyohiyo. Huwezi kuigundua wodini. Hugunduliwa maabara, na mtu anayejua kemia na anayejua kwa nini malighafi hupimwa kabla ya kutumika. Chuo kikiifuta kemia ili kupata nafasi ya wodi, nani atabaki kulinda viwanda?

Kwa maoni yangu, ugomvi wa saa za kemia dhidi ya saa za wodi unatupotezea muda. Hata ule mwingiliano wa warfarini ni kemia, tena inayoeleweka vizuri zaidi ikifundishwa kupitia faili la mgonjwa. Upungufu mkubwa ni wa walimu. Mhadhiri ambaye maisha yake yote ya kazi yamepita maabara hawezi kumwonyesha mwanafunzi namna ya kumpigia daktari simu na kumwomba abadilishe dawa bila kuzua ugomvi. Ukimwongezea mwanafunzi huyo mwaka mmoja na jina kubwa la shahada, umemwongezea ada. Atasimama nyuma ya kundi kubwa wodini, asisikie kinachosemwa.

Kugawa miaka ya mwisho, wengine waende tiba na wengine viwandani, naona ni jambo la busara, mradi msingi ubaki mmoja. Lakini kabla chuo hakijaongeza hata muhula, kionyeshe mkataba wake na hospitali: wafamasia wangapi watasimamia wanafunzi, kila mmoja wanafunzi wangapi, na zamu zao za kawaida zimepunguzwa kwa saa ngapi ili wapate muda wa kufundisha.