Kutengeneza kesi ya kompyuta mwenyewe nyumbani: inalipa au ni kujichosha?

Wanaojenga PC wakikutana hii mada haikosi. Mmoja atasema kesi si boksi tu, seremala yupo mtaani, plaiwudi ipo, ya nini kununua? Mwingine atajibu achana na mambo hayo, kiwandani wameshapiga hesabu zote, wewe na msumeno wako utaua mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, bure. Mi nimewasikiliza wote muda mrefu na naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila wanaongea kama vile kesi ni kazi moja wakati ndani yake kuna kazi mbili tofauti kabisa.

Tuanze na hela maana ndo hoja inayotajwa kwanza, na hiyo kiukweli mtengenezaji anashindwa. Kama huna drili, huna greinda, huna riveti, mkasi wa bati wala msasa, ukishanunua hivyo vyote ushapita bei ya kesi ya kawaida, na kesi tupu ya kompyuta iliyokufa unaipata kwa fundi yeyote kwa hela ndogo sana. Anayetengeneza ili aokoe hela ajipange vizuri, labda awe na vifaa tayari au ana ndugu mwenye karakana.

Ila kuna sehemu moja ambapo watu wa kununua hawana jibu zuri, nayo ni hizi mashine za mtumba za maofisini ambazo ndo wengi wetu tunaanzia. Chukua Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, ya 2013. Ina prosesa nzuri tu mpaka leo kwa kazi nyingi, lakini kasha lake linakubali kadi ya grafiki, ile ya picha na gemu, ya kimo kifupi tu. Kadi kama GTX 1050 Ti ambayo inakula wati 75, yaani umeme wote inauchukua kwenye sloti yenyewe, pale inapochomekwa kwenye bodi, bila waya wa ziada, pawa saplai yake, lile boksi la umeme, ya wati 255 inaiweza, shida ni kwamba kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Zile fupi zipo ila kuipata ni shughuli na bei inapanda. Sasa mtu anakwambia nunua kesi mpya uhamishie, haya, unahamishaje? Pawa saplai yake ni ya umbo lake, plagi ya mazabodi ni ya pini 8 siyo ile ya pini 24 tuliyoizoea, swichi ya kuwashia ina plagi yake, na Dell nyingi ukiziwasha bila ule waya wa paneli ya mbele zinakuletea onyo zinagoma mpaka ubonyeze F1, kila siku. Kesi ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya mashine kama hiyo. Hapa kutengeneza mwenyewe kuna sababu ya maana kabisa.

Lakini na hawa wa upande wa pili wasikilizwe, kwa sababu kinachoua miradi mingi ni vipimo, na vipimo havina huruma. Standadi ya ATX, yaani vipimo vya bodi na kesi, aliileta Intel mwaka 1995, bodi kamili ni milimita 305 kwa 244, ile ndogo ya Mini-ITX ni 170 kwa 170, na matundu ya skrubu yamepangwa sehemu maalum. Sloti za kadi zinapishana milimita 20.32. Ukitoboa tundu moja likakosea milimita moja na nusu, bodi unailazimisha kwa skrubu, inapinda kidogo, inakaa na mkazo miezi na miezi halafu siku moja ram haisomi na hujui kwanini.

Na nyuma ndo kuna mtego wa wale wa mbao. Ile sehemu ya kuchomeka USB na HDMI imetengenezwa ikae kwenye bati la unene wa milimita moja hivi. Wewe umeweka plaiwudi ya milimita 12. Kibati chake hakishiki, na ukikata tundu la kubana kabisa basi plagi ya HDMI yenye kichwa kinene haifiki mwisho, inagota kwenye mbao. Unajikuta unachonga tundu liwe pana zaidi, nyuma inakuwa mdomo wazi na vumbi linaingia hapo hapo kwenye bodi.

Kwaiyo mi msimamo wangu ni huu: kazi ya vipimo mwachie kiwanda, kazi ya umbo na hewa fanya mwenyewe. Chukua kesi chakavu, kata ile trei ya kufungia bodi pamoja na bati la nyuma lote likiwa kipande kimoja usilitenganishe, halafu lile ndo lijengee boksi lako. Kwa ile OptiPlex kata kasha lake lenyewe, kwa sababu kwenye baadhi ya modeli skrubu za hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, zinapita kwenye bodi zinafungwa kwenye bati la chini, ukiihamisha kwenye trei nyingine hitisinki haina pa kushika. Wapo watakaosema hapo hujatengeneza kuanzia sifuri. Sawa, wana haki ya kusema, ila hata kesi ya Fractal North iliyotoka 2022 na watu wakaipenda kwa mbao zake, mbao ni za usoni tu, mwili ni chuma. Kampuni yenye mashine zote hizo imeamua hivyo, mimi nani nibishane.

Swichi wala isikutishe. Kwa bodi za kawaida ni pini mbili tu zinaguswa kwa sekunde moja, haina chanya wala hasi, swichi ya kengele ya mlango ya duka la hadiwea inafanya kazi vizuri kabisa kwa sababu inarudi yenyewe ukiiachia. Usiweke swichi ya taa, ile inabaki imebonyea, na bodi ikiona imebonyezwa zaidi ya sekunde nne hivi inazima kwa nguvu. Taa ndogo ya mbele ndo ina chanya na hasi, ukigeuza haiwaki tu.

Hewa ndo sehemu ambayo ukitengeneza mwenyewe unaweza kumshinda mtu wa kiwanda, hasa kwa sisi wa Dar na pwani yote. Kesi nyingi za bei rahisi zina kioo mbele, feni zinavuta kupitia upenyo mdogo pembeni. Wewe unaweza kuweka uso wote uwe wavu, feni mbili za milimita 120 zinavuta, moja inatoa, hewa inayoingia inakuwa nyingi kuliko inayotoka na vumbi halipati nafasi ya kupenya kwenye nyufa. Matundu ya skrubu ya feni hiyo yanapishana milimita 105, hicho kipimo kishike. Chujio, vuta stokingi kwenye fremu, unatoa unafua unarudisha. Wavu wa mbu matundu yake ni makubwa, vumbi laini linapita.

Upande wa usalama sitaki utani hata kidogo. Mbao haipitishi umeme, maana yake ile njia ya ethi, waya wa ardhini, inayopita kwenye chuma cha kesi umeikata, kwaiyo boksi la pawa saplai lazima lifungwe kwa skrubu kwenye lile bati la trei, na rangi ukwangue pale skrubu inapogusa, na soketi ya ukutani iwe na ethi kweli siyo tundu la tatu la urembo. Pawa saplai yenyewe usiifungue ili iingie kwenye umbo lako, kapasita zake zinabaki na chaji hata ukichomoa. Greinda piga nje, mbali na bodi, bati lifute na kitambaa kibichi likauke ndo uingie na vifaa, chembe moja ya chuma chini ya bodi inatosha kuleta shoti. MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, ukiikata vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu, na kwa unyevu wa pwani kingo zake zinavimba usipozipaka vanishi vizuri.

Nani asihangaike? Mwenye kadi kubwa ya grafiki. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina urefu wa milimita 304, inachukua nafasi ya sloti tatu na inakula mpaka wati 450. Joto la hivyo ndani ya boksi ulilolikadiria kwa macho ni kuhatarisha kitu ghali, huyo anunue kesi ya chuma tu amalize.

Kwa wengine, kama fundi wa milango mwenye CNC, ile mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, yupo karibu, mpe akukatie mbao, inatoka safi kuliko msumeno wa mkono. Chora ramani kwa saizi halisi, na ukishaprinti chukua rula upime kwanza mstari mmoja unaoujua, printa nyingi zinapunguza kidogo ili picha iingie kwenye karatasi, na fundi atafuata karatasi kama ilivyo.