Usimkabidhi fisi bucha

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka mageuzi ya FIFA, shirikisho la soka duniani, yaongozwe na mwanasoka mstaafu, eti kwa kuwa "anaupenda mchezo". Samahani ndugu mwandishi, kuupenda mpira ni kitu kimoja, kukagua mahesabu ni kingine kabisa.

Mimi namtaka mtu wa nje, tena mwenye meno. Wa nje wasio na meno tumeshawaona. Profesa Mark Pieth aliongoza kamati huru ya utawala kuanzia 2011. Akashauri, wakubwa wakachukua waliyoyapenda. Akaja Michael Garcia, mwanasheria wa Marekani, akachunguza jinsi Urusi na Qatar zilivyopewa Kombe la Dunia. Ripoti yake ilizidi kurasa 400. Novemba 2014 tukapewa muhtasari wa kurasa 42! Garcia akaukana siku hiyo hiyo, na mwezi uliofuata akajiuzulu. Ripoti nzima tuliiona 2017, baada ya gazeti la Ujerumani kuinasa.

Kilichowatikisa ni polisi kuingia hotelini Zurich, Uswisi, alfajiri ya Mei 27, 2015, na kuwakamata vigogo wa FIFA kwa tuhuma za rushwa. Na bado, siku mbili baadaye, Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati huo, akapata kura 133 akarudi kitini. Hao wapiga kura ndio watuchagulie msafishaji?

Basi huyo mtu asiteuliwe na mkutano mkuu wao, na rais wa FIFA asiwe na uwezo wa kumfuta. Mwaka 2017 wakuu wa kamati ya maadili waliondolewa hivi hivi, mafaili yakiwa bado mezani.