Chujio au bwawa: hatua ya kwanza ya majitaka ya Mwanza

Mji uliojengwa juu ya majabali na kukatwa upande mmoja na ziwa hauna ardhi ya kuchezea, na hapo ndipo watetezi wa vichujio vya mashine wanapoanzia hoja yao. Mwanza, kama miji mingi ya Tanzania, hutegemea mabwawa kutibu majitaka yake, na mabwawa hutaka hekta kadhaa za ardhi tambarare. Ardhi ya namna hiyo Mwanza iko mabondeni na ufukweni, ambako kila mtu anaitaka, na ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mtandao wa mabomba nao unazidi kupanda milimani: Igogo, Mabatini na Kilimahewa zimeunganishwa kwa mfumo uliorahisishwa, wenye mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba. Majitaka yanaongezeka na mahali pa kuyalaza hapaongezeki. Swali la kama hatua ya kwanza ya kuyatibu ifanywe kwa chujio badala ya bwawa au tangi la kutuamishia ni swali la haki kabisa.

Chujio linalozungumzwa zaidi ni mkanda wa wavu unaozunguka, wenye matundu ya takriban mikroni 350, yaani theluthi moja ya milimita. Majitaka yakiingia, wavu ukiwa safi hupitisha uchafu mwingi. Lakini chembe za kwanza zikishanasa hujenga utando, na utando huo ndio unaochuja kweli, kama majani yanavyoshika vumbi la chai baada ya kutulia kwenye chujio. Utando ukinenepa, maji hupanda nyuma ya wavu, kihisi hutambua, mkanda husogea, na hewa yenye nguvu hupuliza tope na kuliangusha kwenye kisanduku. Ipo pia aina ya pili, ya vitambaa vizito vilivyofungwa kwenye sahani, yenye vinyweleo vya mikroni 5 hadi 10, ambayo hushika uchafu mdogo zaidi na kwa sababu hiyo hudai kusafishwa mara kwa mara.

Kinacholinganishwa na mitambo hiyo, katika vitabu vingi vya uhandisi, ni tangi la kutuamishia. Tangi hilo likikaa na majitaka kwa saa mbili hivi huondoa asilimia 50 hadi 70 ya chembe zisizoyeyuka na asilimia 25 hadi 40 ya uchafu unaooza. Wavu hufikia matokeo yanayokaribia hayo katika sehemu ndogo sana ya eneo, na kitambaa huweza kulipita tangi. Zaidi ya hapo, kila kilo ya uchafu inayotolewa mwanzoni ni kilo ambayo mitambo ya kupuliza hewa mbele haitalipia umeme, na tope lake likipelekwa kwenye tangi lisilo na hewa hutoa gesi ya kuzalisha nishati. Mtambo wa Bugolobi mjini Kampala, uliojengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, una matangi ya namna hiyo ya kuozesha tope litoe gesi. Kwa mji wenye mtambo kama huo, hesabu ya kuondoa uchafu mapema ina mantiki.

Mwanza haina mtambo kama huo. Hapa mshindani wa chujio ni bwawa la kwanza lisilo na hewa, yaani ambamo vijidudu huozesha uchafu bila oksijeni, lenye kina cha mita mbili hadi tano, na bwawa hilo lina mshirika asiyetajwa sana katika maandishi ya watengenezaji wa mitambo: joto. Kanuni zinazotumiwa kusanifu mabwawa hukadiria kwamba majitaka yakiwa na nyuzijoto 20, bwawa hili huondoa kiasi cha asilimia 60 ya uchafu unaooza, na kwa nyuzijoto 25 asilimia 70, bila pampu wala swichi. Yakiwa na nyuzijoto 10 huondoa asilimia 40 tu. Wavu unaozunguka ulikuzwa zaidi Norwei, nchi ya baridi yenye bahari ya kina mlangoni, chini ya kanuni za Ulaya zinazokubali hatua ya kwanza ihesabiwe kuwa imetimia ikiwa imepunguza chembe kwa asilimia 50 na uchafu unaooza kwa asilimia 20. Kwa mahitaji hayo wavu unatosha. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40, lina mlango mmoja wa kutokea, Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kufuka. Kinachomwagwa humo hakiendi mbali.

Hata hivyo bwawa lisipewe sifa lisizostahili. Hutoa methani moja kwa moja hewani, na mara nyingi halifunikwi ili kuivuna. Likizidiwa hunuka, na likiachwa miaka bila kuzolewa tope hujaa mchanga, kina kikapungua na majitaka yakapita juu juu kama kwenye mfereji. Kuzoa tope ni kazi ya bajeti, na bajeti ya tope ndiyo ya kwanza kukatwa.

Lakini chujio halisamehe kucheleweshwa hata kwa wiki. Tope lake hutoka kila siku na lazima liwe na pa kwenda kila siku: gari, eneo la kukaushia, na dereva anayelipwa. Mafuta ni tatizo la pili. Wavu wa mikroni 350 ukishapakwa mafuta ya migahawa, au shahamu na magamba popote majitaka ya kuchakata samaki yanapoingia kwenye mtandao, hewa pekee haiusafishi. Huhitaji kuoshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo. Hapo unaongeza chombo cha kuchemshia maji, umeme wake na mtu wa kukisimamia. Umeme ukikatika, mkanda husimama na majitaka hupita njia ya pembeni bila kuguswa. Mvua za masika zikiingia kwenye chemba zilizopasuka, mkanda hulazimika kukimbia, utando haupati muda wa kujengeka, na chujio linashuka kiwango siku ileile linapohitajika zaidi. Bwawa siku hiyo hupanda sentimita kadhaa tu.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinaruka kitu cha bei nafuu kilicho mbele yao: chekeche la nondo na chemba ya kutuamishia mchanga. Magari ya kunyonya vyoo huleta matambara, taulo za kike, nywele bandia, mifuko na chupa. Nondo zilizoachana milimita 20 hadi 50 huzuia vikubwa tu; matambara hujiviringisha na kupita. Chekeche laini la milimita 3 hadi 6, likifuatwa na chemba ya mchanga inayofanya kazi, lingeongeza maisha ya bwawa kwa miaka, na bila viwili hivyo mkanda wa wavu utachanika mapema, kwa sababu mchanga unaoporomoka milimani huukwaruza. Yeyote anayenunua chujio bila kutengeneza chekeche ananunua hasara. Nalo chekeche linahitaji mtu wa kulikwangua na pipa linaloondolewa. Kuna vituo ambako takataka zilizokwanguliwa hurundikwa pembeni hadi mvua izirudishe ndani.

Kuna pia mambo ambayo chujio halifikii. Mayai ya minyoo yana ukubwa wa mikroni 20 hadi 80 na hupita kwenye matundu ya wavu, isipokuwa yale yanayonaswa na utando. Mabwawa yanayofuatana huyatuamisha kwa siku nyingi, jambo la maana kwa watu wa ufukweni wanaomwagilia bustani kwa maji yoyote wanayoyapata. Sehemu kubwa ya fosforasi, inayolisha mwani na magugu maji, imeyeyuka, kwa hiyo haizuiwi na wavu wala kutuama bila kuongezewa kemikali.

Nafasi ya chujio Mwanza ninaiona katika hali mbili: kituo kipya ndani ya mji pasipo na ardhi kabisa, na mabwawa yaliyozidiwa ambayo hayawezi kupanuliwa, ambako chujio hukaa mbele kupunguza mzigo bila kuondoa bwawa. Penye ardhi, fedha ziende kwenye chekeche, chemba ya mchanga na kuzoa tope. Na kabla ya zabuni ya chujio kutangazwa, sampuli zichukuliwe kiangazi na masika, kabla na baada ya pampu, zipimwe ukubwa wa chembe. Pampu na mteremko mkali husaga uchafu. Chembe karibu zote zikikutwa chini ya mikroni 350, wavu hauna cha kujengea utando, na hakuna punguzo la bei litakalobadilisha hilo.